Bao la dakika za nyongeza halijauzwa

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mkazi wa Mwanga hapa Kigoma, nina miaka 51, nauza dagaa na mawese. Tangu Mashujaa wapande Ligi Kuu sijakosa mechi ya Simba wala ya Yanga pale uwanja wa Lake Tanganyika. Kila mara ni yale yale: tunakaza dakika themanini, watu wanaanza kuamini, halafu mwishoni tunafungwa. Ile ya Novemba 2024 na Simba, bao la mshambuliaji wao Mukwala dakika za nyongeza, nilikaa chini jukwaani nikashindwa kunyanyuka. Kijiweni wengine wanasema mechi inauzwa, wengine mwamuzi, wengine wanasema kamati yetu ya ufundi, wale wa uchawi, haina kitu mbele ya kamati yao. Mimi nasema kocha anakosea kupaki basi, kukaa nyuma kujilinda tu, tungewafuata tungewafunga. Niambie ukweli: timu ndogo kama yetu ina nafasi kweli au tunajidanganya? Nikiri na jambo jingine. Huwa naweka hela kwenye mkeka Mashujaa washinde, mara ya mwisho niliweka elfu hamsini ya mtaji. Na mechi ikifika dakika ya 80 moyo unaenda mbio hadi kifua kinabana, na presha ninayo. Nifanyeje? Usinicheke, utotoni nilikuwa Simba, na kidogo bado nipo."

Ndugu yangu, sikucheki. Kigoma nzima ina kidogo cha Simba au kidogo cha Yanga ndani yake, na hilo nitalirudia maana linahusu mechi kuliko unavyodhani.

Ila nianze na kifua, kwa sababu mpira unaweza kusubiri na kifua hakisubiri. Mimi ni mwalimu wa mpira, si daktari, lakini hili wenye taaluma yao walishalipima. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari wa Munich walihesabu watu waliopata dharura za moyo. Siku ambazo Ujerumani ilikuwa inacheza, idadi ilipanda zaidi ya mara mbili na nusu ya siku za kawaida, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu mwanzo ndio walioumia zaidi. Mtu wa miaka 51 mwenye presha ambaye kifua kinambana aende hospitali ya Maweni wiki hii, akapimwe, aulize kama dawa anazotumia zinatosha, na amweleze daktari waziwazi kwamba hali hiyo humpata akitazama mpira. Usione haya. Na siku kifua kikibana halafu maumivu yakashuka kwenye mkono au yakapanda kwenye taya, au jasho la baridi likakutoka, hapo usisubiri filimbi ya mwisho. Waambie walio karibu wakupeleke hospitali saa ile ile.

Sasa twende uwanjani.

Umeandika "kila mara ni yale yale". Hapo kumbukumbu yako inakuonea. Tarehe 9 Aprili 2024, kwenye uwanja huo huo, Mashujaa hao hao waliwatoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania. Dakika tisini ziliisha 1-1, zikapigwa penalti, mkashinda 6-5. Kama hujakosa mechi, basi ulikuwepo, na nadhani siku ile dagaa waliuzwa kwa bei ya kutupa. Lakini ulipokaa kuniandikia, uliyemkumbuka ni Mukwala. Ndivyo akili zetu zilivyo: furaha hupita, kidonda hubaki. Bao la dakika ya 12 linasahaulika kwa sababu baada yake kuna saa nzima ya mpira mwingine. Bao la dakika za nyongeza halina kinacholifuata. Unatoka nalo uwanjani, unapanda nalo bodaboda, unalala nalo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, kama timu ndogo ina nafasi, uwanja wenu ulishalijibu. Linalobaki ni ukubwa wa hiyo nafasi na inatoka wapi.

Inatoka kwenye uchache wa mabao. Chukua mpira wa kikapu: kila timu inapata nafasi kama mia za kufunga katika mechi moja. Timu bora ikikosa kikapu kimoja, kuna tisini na kitu nyuma yake, na mwisho wa siku ubora lazima uonekane. Kwenye soka mabao ni mawili matatu, pengine hakuna. Mpira mmoja ukimgonga beki ukabadili njia, kipa mmoja akiteleza kwenye nyasi zilizolowa, hesabu nzima imepinduka. Ndiyo maana mchezo huu ni katili, na ndiyo maana wewe unaacha kibanda chako cha biashara kwenda kuutazama.

Nikupe hesabu ya darasani. Si takwimu za Mashujaa, ni mfano tu wa kukuonyesha mashine inavyozunguka. Tuseme timu kubwa, ikicheza na ninyi mara nyingi sana, ingefunga wastani wa mabao 1.8 kwa mechi, na ninyi 0.6. Yaani wanawazidi mara tatu. Ukizicheza mechi mia za namna hiyo kwenye karatasi, wao wanashinda kama 66, sare kama 22, na ninyi mnashinda kama 12. Kumi na mbili! Timu inayozidiwa mara tatu inashinda karibu mechi moja katika kila nane, bila uchawi, bila rushwa, bila muujiza.

Na hapa ndipo ninapokataa hoja yako ya "tungewafuata". Wafuateni. Mechi ikafunguka, kila upande ukapata nafasi nyingi zaidi, wao wakapanda hadi wastani wa 2.6 na ninyi mkapanda hadi 0.9. Rudia hesabu: ushindi wenu unashuka kidogo, kama 11 katika mia. Sare zinashuka hadi 15. Vipigo vinapanda hadi 74, na kama theluthi moja ya hivyo ni vya mabao manne matano, vile ambavyo watani hawaachi kuwakumbusha. Sasa fungeni mechi, pakini hilo basi unalolichukia, wao wabaki na 1.2 na ninyi 0.4. Ushindi wenu ni ule ule, 12. Lakini sare zinapanda hadi 31.

Umeona kilichotokea? Kupaki basi hakukuongezei ushindi. Kunahamisha vipigo kwenda kwenye sare. Kwenye ligi, sare ni pointi moja ambayo mwezi Mei itakuwa na thamani ya dhahabu. Kwenye kombe, sare ni tiketi ya penalti, na penalti ndiyo mahali pekee ambapo fedha za mwenzako hupungukiwa nguvu: mchezaji wa kulipwa, awe wa Dar es Salaam au wa Kigoma, hufunga kama tatu katika kila nne. Siku ile ya Aprili hamkuhitaji kuwa bora kuliko Simba. Mlihitaji kufika nao kwenye ile nukta ya penalti mkiwa sawa, halafu mpige vizuri. Mkafika.

Una haki mahali pamoja. Kuna kupaki basi na kuna kulala ndani ya basi. Timu inayojilinda mita 30 kutoka golini kwake, mistari miwili imebanana, winga mmoja amebaki juu akisubiri kaunta, hiyo ina mpango. Timu iliyorudi yote ndani ya boksi na kila mpira inaupiga popote, hiyo inazalisha kona, faulo na mipira ya pili kwa mpinzani. Kwa mbali, ukiwa jukwaani, hali hizi mbili zinafanana. Tofauti yake iangalie kwenye jambo moja: mpira ukiokolewa, nani anaupata? Kama kila ukiokolewa unarudi kwao, basi limezimwa injini.

Na hii inanileta kwenye dakika ya tisini, ambayo najua ndiyo iliyokufanya uandike.

Kwanza hesabu nyepesi. Mechi za siku hizi, pamoja na nyongeza za vipindi vyote viwili, zinaweza kufika dakika 95 au zaidi. Kuanzia dakika ya 75 hadi filimbi ni kama dakika 20 hivi. Hata kama mabao yangekuwa yanaanguka ovyo kama mvua, zaidi ya moja ya tano yangeangukia hapo. Halafu fikiri hili: mechi ikifika dakika ya 80 ikiwa 0-0, bao lolote litakaloingia ni lazima liwe la mwishoni, kwa kuwa mapema kumeshapita. Timu inayofungwa matatu kipindi cha kwanza haiwezi kukuumiza dakika ya 90, ilishakuumiza ukaenda kunywa chai. Zinazokuumiza mwishoni ni zile zilizojilinda vizuri. Nadhani hakuna aliyewahi kukuambia hivi kijiweni, lakini bao la Mukwala ni ushahidi kwamba mpango wa Mashujaa siku ile ulifanya kazi kwa zaidi ya dakika tisini.

Sasa, mabao kweli huongezeka mwishoni, hayaanguki kama mvua tu. Hilo linaonekana karibu kila ligi duniani, na sababu kubwa ni mwili. Kujilinda bila mpira kunachosha kuliko kukaa nao. Anayeumiliki anachagua lini akimbie. Asiye nao anafuata. Beki wa pembeni wa timu ndogo anakimbia mbio fupi fupi za kufunga mlango, mara arobaini, mara hamsini. Kufika dakika ya 80 miguu bado ipo, kinachotangulia kuchoka ni macho. Anaangalia mpira, anasahau mtu nyuma yake. Anachelewa nusu sekunde kutoka. Krosi iliyokuwa inazuiwa kipindi cha kwanza sasa inapita.

Halafu linakuja benchi. Tangu 2020 timu zimeruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka 2022 jambo hilo likawa sheria ya kudumu. Ilianza kwa nia njema, kuwapunguzia wachezaji mzigo wakati wa korona. Lakini fikiri maana yake kwenu. Nusu ya wachezaji wa ndani wa timu tajiri wanaweza kuwa wapya kufika dakika ya 70, na wanaoingia ni watu ambao kwenye timu nyingine za ligi wangeanza. Upande wenu anayeingia mara nyingi ni kijana anayejitahidi. Kwa hiyo kipindi ambacho mabeki wenu wanaanza kufa ganzi ndicho kipindi ambacho wao wanaingiza miguu isiyo na jasho. Mukwala anafunga akiwa anapambana na mtu aliyekwisha, na wewe ulikaa chini ukidhani kuna mtu amepokea bahasha.

Nikueleze bahasha yangu. Miaka ile nafundisha timu ya daraja la chini hapa Tabora, tulikutana kwenye kombe na timu kubwa, jina naliacha. Dakika ya 86, 0-0. Nilikuwa na mabadiliko mawili mkononi sijayatumia, kwa sababu niliogopa kuvuruga mpangilio uliokuwa unafanya kazi. Beki wangu wa kushoto alikuwa anakakamaa misuli tangu dakika ya 75 na alikuwa ananificha, anajinyoosha kila mpira ukitoka nje, anaogopa nitamtoa kwenye mechi ya maisha yake. Nikaona, nikajifanya sijaona. Krosi ikatoka upande wake, tukafungwa. Jioni sokoni nikasikia mwalimu kahongwa. Wakati huo nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba miezi mitatu. Mwenye nyumba alinifuata asubuhi akijua sasa ninazo.

Kwa hiyo naziheshimu hasira za kijiweni lakini siziamini. Sisemi rushwa haipo kwenye mpira. Ipo duniani kote, na mwenye ushahidi aupeleke kunakohusika. Ninachosema ni kwamba bao la dakika ya 93 peke yake si ushahidi wa lolote. Atakayenunua mechi ana haja gani ya kusubiri hadi dakika ya 93?

Kuhusu kamati ya ufundi, nitakuwa mfupi. Kama mayai na chumvi vingekuwa vinafunga mabao, mikoa yetu hii miwili ingekuwa na makombe ya Afrika kabatini.

Mwamuzi ni habari nyingine, na hapo kijiwe chenu kina nusu ya ukweli. Mwamuzi ni binadamu, anasikia. Mwaka 2020 ligi za Ulaya zilipochezwa viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, watafiti walipata nafasi ya kuangalia kitu ambacho zamani walikuwa wanakibahatisha: faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na kadi walizokuwa wakipewa wageni zikapungua. Mpira ule ule, wachezaji wale wale, kelele tu zimeondoka. Maana yake sehemu nzuri ya hiyo "faida ya nyumbani" ni watu kumpigia mwamuzi kelele hadi faulo ya shaka ikaegemea upande wao.

Sasa niambie, ndugu yangu mwenye kidogo cha Simba: siku Mnyama anapotua Kigoma, Lake Tanganyika linakuwa rangi gani? Nimeshafika hapo siku kama hiyo. Nyekundu tupu kutoka lango hadi lango. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Shirikisho ya Simba na Yanga ilipochezwa hapo kwenu, Simba wakashinda 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, mji mzima uligawanyika katikati, na hilo lilikuwa sawa maana hapakuwa na timu ya nyumbani. Lakini Mashujaa wakiwa wenyeji, winga wa wageni akianguka kwenye boksi na nusu ya wenyeji wakapiga ukunga wa penalti, mwamuzi afanyeje? Mnacheza ugenini mkiwa nyumbani. Hamtaumaliza ushabiki wa utotoni, wala siwaombi mjaribu. Ila hili ndilo eneo pekee kwenye barua yako nzima ambalo wewe, mtu wa jukwaani, una mkono ndani yake. Siku hiyo vaa jezi ya nyumbani. Simba atakusamehe, ana mechi nyingine 29.

Tutoke hapo kwenda kwa jirani zenu, kwetu huku Tabora, maana kuna kisa kinachonifundisha kila nikikifikiria. Agosti 2023 timu yetu, iliyokuwa inajulikana kama Kitayosce na ikawa Tabora United, iliingia uwanja wa Azam pale Chamazi na wachezaji wanane. Wanane! Usajili ulikuwa umekwama. Azam wakafunga manne harakaharaka, matatu ya Feisal Salum, wachezaji wetu wakaanza kuumia, wakapungua chini ya saba, na kwa sheria za mpira mechi haiwezi kuendelea chini ya saba. Ikavunjika kabla hata ya dakika ya 20. Tulichekwa hadi Urambo.

Tarehe 7 Novemba 2024, uwanja ule ule wa Chamazi, timu ile ile iliifunga Yanga, bingwa mtetezi, 3-1. Offen Chikola alifunga mawili. Siku chache baadaye Yanga ikaachana na kocha Miguel Gamondi.

Watu wa Tabora walisema tumekuwa wakubwa. Mimi niliangalia mambo mengine. Yanga walikuwa wametoka kupoteza kwa Azam siku tano kabla, na beki wao Ibrahim Bacca alikuwa anatumikia kadi nyekundu ya mechi hiyo. Vijana wetu hawakumiliki mpira kwa ufahari. Walisubiri, wakakimbilia nyuma ya mabeki ambao hawakuzoeana. Ile ilikuwa moja ya zile kumi na mbili katika mia, na walijiandaa kuipokea ilipokuja. Aprili 2025 Yanga wakaja Ali Hassan Mwinyi, nyumbani kwetu, wakashinda 3-0. Mechi moja haikutufanya wakubwa, na nyingine haikutufanya wadogo. Timu hiyo leo inaitwa TRA United, na mashabiki bado wanabishana kama tuiite yetu, lakini hayo ni maongezi ya siku nyingine.

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa ulipeleke kijiweni kwenu. Ligi ina timu 16, mechi 30. Simba na Yanga, nyumbani na ugenini, ni mechi nne. Pointi 12 kati ya 90. Ongeza Azam na mwingine mmoja mwenye fedha, zinakuwa mechi nane. Zinabaki 22 dhidi ya timu ambazo mnalingana nazo au mnazizidi, na huko ndiko kuna pointi 66. Anayeshuka daraja hashushwi na Simba. Anashushwa na sare ya nyumbani na mwenzake wa mkiani siku ya Jumatano, uwanja una watu mia nne, na wewe siku hiyo upo dukani kwa sababu "hakuna mechi". Wa 15 na wa 16 wanashuka moja kwa moja, wa 13 na wa 14 wanakwenda kutokwa jasho kwenye mchujo. Msimu wa 2023/24, msimu wa kwanza wa Mashujaa, walioshuka walikuwa Geita Gold na Mtibwa Sugar. Mtibwa hao ni mabingwa wa Tanzania wa 1999 na 2000. Mgeni wa Kigoma akabaki.

Ubingwa je? Nisikudanganye. Tukuyu Stars walitoka daraja la chini wakawa mabingwa 1986, Coastal Union wakauchukua 1988, na baada ya Mtibwa amepenya mmoja tu, Azam, msimu wa 2013/14, na Azam ana mwenye fedha zake. Tangu hapo hadi 2024/25 ni Yanga na Simba wanapokezana. Ubingwa unahitaji kuwapita pointi, kwa mechi 30, watu wanaokuzidi mara tatu, na karatasi haikubali. Kombe ni njia fupi zaidi, kwa sababu ni mechi chache na penalti zipo. Mimi ningekuwa kwenye benchi la Mashujaa, ningeipigia mahesabu nafasi ya katikati ya msimamo na mbio ndefu kwenye Shirikisho. Hayo si matamanio madogo.

Mkeka sasa. Tuseme kampuni imeweka odi, yaani mara ngapi ya hela yako utalipwa ukipatia, hivi: Simba 1.45, sare 4.00, Mashujaa 7.00. Gawa mia kwa kila namba: unapata 69, 25 na 14. Jumla 108. Mechi moja haiwezi kuwa na nafasi 108 katika mia. Hiyo nane ya juu ni ya kampuni kabla mpira haujawekwa kati. Ukirudi kwenye hesabu yetu ya 12 katika mia, kila ukiweka elfu hamsini kwa odi ya saba, wastani wa kinachorudi ni elfu arobaini na mbili, bado kodi ya ushindi haijakatwa. Na ukiweka mechi nane mfululizo, kuna uwezekano wa zaidi ya theluthi moja kwamba utapoteza zote nane. Laki nne. Ni mawese madumu mangapi hayo?

Tena umeweka hela kwa timu unayoipenda, na hapo dakika ya 80 unabeba mizigo miwili, wa timu na wa mtaji. Kifua hakiwezi kukosa kubana. Ningekushauri uache kabisa mechi za Mashujaa, uone kama ule mpigo wa moyo unapungua. Lakini kama ukijaribu kuacha unashindwa, au umeanza kukopa, au mama wa nyumbani hajui ile elfu hamsini ilikwenda wapi, hilo si la kuulizana na mwalimu wa mpira. Siku hiyo hiyo unapokwenda Maweni kupima presha, omba kuonana na mtu wa ushauri nasaha au ofisa ustawi wa jamii, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Hutakuwa wa kwanza mlangoni kwake.

Mwisho nakupa kazi, kwa sababu mtu mwenye kazi mkononi moyo wake hutulia kidogo. Mechi ijayo na timu kubwa, daktari akiwa amekuruhusu, nenda na karatasi na kalamu. Kuanzia dakika ya 70, kila Mashujaa wakiokoa mpira, andika alama: uliangukia kwetu au kwao. Andika pia dakika ambazo kocha anafanya mabadiliko, na nani anatoka. Angalia beki wa pembeni wa upande ulio mbele yako, kama anajinyoosha mpira ukitoka nje. Ikiisha nitumie karatasi hiyo, hata kama tumefungwa. Na juu kabisa andika ulivaa jezi ya rangi gani.